Kwa Nini Superman Yumo Hekaluni: Kusoma Kuta za Chalermchai Kositpipat

Kilomita kama 13 kusini mwa mji wa Chiang Rai, kaskazini kabisa mwa Thailandi, kuna hekalu jeupe pe lililopambwa kwa vipande vya kioo kila pembe, likimeremeta juani kama chumvi. Jina lake ni Wat Rong Khun. Mgeni huufikia ukumbi wake mkuu kwa daraja jembamba, na chini ya daraja hilo mikono ya saruji isiyo na idadi imenyooshwa juu, kama ya watu wanaozama na kuomba kushikwa. Hupita kati ya majitu mawili, Kifo na Rahu, jitu la hadithi linalomeza jua na mwezi, kisha huingia ndani na kumkuta Buddha ameketi katika mwanga wa rangi ya dhahabu. Ameambiwa tangu nje kwamba daraja halirudiwi. Lakini kabla hajatoka, akigeuza shingo kuutazama ukuta wenye mlango alioingilia, anakutana na uso wa jitu unaowaka moto. Ndani ya ndimi za moto wamo Superman, Batman, Spider-Man, Michael Jackson, Neo wa sinema ya Matrix, paka Hello Kitty, na minara miwili ya New York ikigongwa na ndege.

Aliyelijenga hekalu hilo ni mchoraji Chalermchai Kositpipat, aliyezaliwa mwaka 1955 katika kijiji hichohicho cha Rong Khun. Picha za ukuta ule zimemzulia maneno mengi. Wapo wanaosema ni mzaha uliovuka mpaka wa dini, na wapo wanaoona ni mbinu ya kuvuta watalii. Nadhani pande zote mbili zinaruka swali ambalo mtu aliyekulia karibu na hekalu la Kithai hulianza nalo bila hata kufikiri: picha hii iko ukuta upi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu katika hekalu la Kithai kila ukuta una kazi yake. Ukumbi mkuu huitwa ubosoti, na ndimo vijana huingizwa utawani. Sanamu kuu ya Buddha huketi mwisho wa ukumbi, kwa kawaida ikielekea mashariki. Juu ya kuta za pembeni, safu kwa safu, viumbe wa mbinguni wamepiga magoti na kukunja mikono kumwelekea yeye. Chini yao, katikati ya madirisha, huchorwa hadithi kumi za maisha aliyoyaishi kabla ya kuzaliwa mara ya mwisho. Mara nyingi nyuma ya mgongo wake kuna ramani ya ulimwengu wote, mbingu zilizopangwa ngazi kwa ngazi na jehanamu chini kabisa. Na ukuta unaotazamana naye uso kwa uso, wenye mlango wa kuingilia, ni ukuta wa Mara.

Mara ni mfalme wa tamaa na mauti. Usiku ambao Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha, aliketi chini ya mti wa bodhi, akiazimia kutoinuka mpaka aione kweli, Mara alimjia na jeshi zima, mwenyewe amepanda tembo. Akadai kiti kile ni chake, na askari wake wote wakapaza sauti kumshuhudia. Siddhartha hakuwa na shahidi hata mmoja. Akashusha mkono wa kulia, akagusa ardhi kwa ncha za vidole. Hapo ardhi yenyewe, ambayo Wathai humwita Mae Thorani, iliibuka katika umbo la mwanamke. Alikamua nywele zake ndefu, yakabubujika maji yote ambayo Siddhartha aliyamimina kila alipotoa sadaka katika maisha yake yaliyopita. Maji yakawa gharika na jeshi la Mara likasombwa. Hadi leo Mthai akishatoa sadaka kwa watawa humimina maji kidogokidogo huku wakimsomea baraka, na sanamu nyingi za Buddha nchini humo zimeketi vivyo hivyo, mkono wa kulia ukigusa ardhi.

Walipofika kwenye jeshi hilo, wachoraji wa zamani walijiachia. Sura ya Buddha ina kanuni zisizochezewa, na viumbe wa mbinguni nao wana kanuni zao, lakini askari wa Mara anaweza kuwa yeyote. Katika picha za karne ya 18 na ya 19 utawakuta Wazungu wenye kofia na bunduki, watu wenye vilemba na ndevu kutoka Uajemi na Bara Hindi, na Wachina, wote wakijipanga pamoja na majitu yenye meno ya nguruwe mwitu. Hao ndio walioonekana bandarini wakati huo: wenye silaha mpya, bidhaa mpya, nguvu mpya. Ukuta wa Mara ulikuwa mahali pa habari za siku. Vishawishi vya zama za mchoraji vilikuwa na nafasi yao rasmi, mbele ya macho ya Buddha aliyetulia.

Kwa msingi huo ukuta wa Wat Rong Khun unaanza kusomeka. Chalermchai aliuacha ukuta wa Mara palepale ulipokuwa kwa vizazi, akabadilisha askari. Wageni wa miaka ya mwanzo waliandika kwamba katika mboni za jitu waliona sura za George W. Bush na Osama bin Laden. Superman na wenzake ninawasoma hivi: ni waokoaji wa kubuni ambao akili hukimbilia kwao, na mafundisho ya Kibuddha yanasisitiza kwamba hakuna wa kuja kumkomboa mtu kutoka nje, kila mmoja ana kazi ya kufanya na nafsi yake. Hello Kitty hana bunduki wala pembe, lakini naye ni kitu cha kutamaniwa, cha kununuliwa, cha kukusanywa. Mikono ile chini ya daraja inasema jambo hilohilo kwa saruji. Daraja lenyewe linasimama kwa mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na anayevuka anatakiwa aache tamaa upande ule, ndiyo maana harudi nyuma.

Hata rangi zake zina hoja. Mahekalu mengi ya Thailandi hung'aa kwa dhahabu. Chalermchai alichagua nyeupe kwa usafi wa Buddha, na vioo kwa hekima yake inayoakisiwa. Dhahabu aliihifadhi kwa jengo jingine la uwanjani, zuri kupita kiasi, ambalo wageni wengi hulipiga picha kabla ya kuambiwa kwamba ni choo. Nyeupe ni ya moyo na dhahabu ni ya mwili na mali ya dunia, na amezipanga rangi hizo ili mtu aone kwa macho yake kipi kimewekwa wapi.

Ufundi uliozaa kuta za zamani unastahili kusimuliwa taratibu, maana ndani yake kuna miti ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu. Mafundi walipaka ukuta lipu ya chokaa, wakaiacha ikauke. Kisha waliuosha siku baada ya siku kwa maji yaliyolowekwa majani ya mjohoro yaliyopondwa. Ni mjohoro huuhuu tunaoupanda barabarani na kukata kuni zake, na jina lake la kisayansi, Senna siamea, linaitaja Siamu, jina la zamani la Thailandi. Maji hayo hupunguza ukali wa chokaa ambao ungekula rangi. Ili kujua kama ukuta uko tayari walichora mstari kwa kipande cha manjano: mstari ukigeuka mwekundu, chokaa bado ni kali, ukibaki wa njano, kazi ianze. Hapo ukuta ulipakwa udongo mweupe uliokorogwa na gundi ya kokwa za ukwaju zilizochemshwa. Brashi za kupaka maeneo makubwa, kama majani ya miti, zilitengenezwa kwa magome ya mlangilangi na kwa mizizi ya miti ya jamii ya mkadi, iliyogongwa ncha mpaka nyuzi zikaachana. Rangi zilikuwa za mawe na udongo. Picha zenyewe hazikuwa na kivuli, wala vitu vya mbali havikupungua ukubwa. Jumba lilionekana kutoka juu kwa mshazari, kuta zake zimefunguliwa ili tumwone malkia ndani. Fundi aliyechora hakuandika jina lake.

Ulimwengu huo ulitikiswa na mtu aliyeupenda. Corrado Feroci, mchongaji aliyezaliwa Florence mwaka 1892, aliitwa na serikali ya Siamu akafika mwaka 1923. Alibaki huko, akachukua uraia na jina la Kithai, Silpa Bhirasri, na shule aliyoianzisha ikawa Chuo Kikuu cha Silpakorn mwaka 1943. Kwa mkono wake vijana wa Kithai walijifunza umbo la mwili, mwanga na kivuli, turubai, maonyesho, sahihi chini ya picha. Haki yake isidhulumiwe: yeye mwenyewe aliwahimiza wanafunzi waende kwenye mahekalu ya zamani, na mmoja wao, Fua Haripitak, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kunakili na kukarabati picha za kuta zilizokuwa zikibanduka, mpaka akatunukiwa tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1983. Hata hivyo njia ziligawanyika. Msanii wa kisasa alitundika turubai kwenye ukumbi wa maonyesho, na hekalu likaachiwa mafundi wa kurudia yaliyokwisha kuchorwa.

Chalermchai alitokea kwenye ufa huo. Kabla ya umaarufu alichora mabango ya matangazo ya sinema, kazi inayofundisha kuteka jicho la mpita njia kwa mara moja, na ukitazama ukuta wake wa Mara utaona somo hilo halikumtoka. Alihitimu Silpakorn mwaka 1977 katika fani ya sanaa ya Kithai, idara iliyokuwa changa, iliyoanzishwa chini ya Chalood Nimsamer ili mafunzo ya kisasa yakutane tena na urithi wa hekaluni. Wanafunzi wa idara hiyo walitakiwa wajue kuchora mstari wa kale bila kutetereka, halafu waseme la kwao.

La kwake alilisemea mbali. Mwaka 1984 yeye na Panya Vijinthanasarn waliongoza kundi la wachoraji vijana kupaka kuta za Wat Buddhapadipa, hekalu la Kithai lililojengwa kwenye mtaa wa majumba na bustani huko Wimbledon, London. Ilikuwa kazi ya miaka. Vijana walijitolea. Mpangilio ulikuwa wa jadi, lakini rangi zilikuwa kali kama ndoto, na katikati ya hadithi za Buddha waliingia watu wa zama zile, Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, akiwamo. Malalamiko yalitoka serikalini, kwa watawa na kwa wasanii wenzao, hoja kuu ikiwa kwamba ile haikuwa sanaa ya Kithai. Kwangu huu ndio mwaka wa kukumbukwa kuliko yote katika safari yake, maana yote yaliyoonekana baadaye Chiang Rai yalikuwa yameshaanza Wimbledon.

Heshima ilifuata. Mfalme Bhumibol wa Thailandi alipochapisha hadithi ya Mahajanaka mwaka 1996, ile ya mwanamfalme aliyevunjikiwa na jahazi akaogelea siku saba baharini bila kuona pwani, Chalermchai alikuwa miongoni mwa wasanii walioichorea picha. Mwaka uliofuata alirudi kijijini. Hekalu la Rong Khun lilikuwa limechakaa na halikuwa na fedha. Akaanza kulijenga upya kwa fedha za picha alizouza.

Neno la kuelewa hapa ni bun, na sisi tuna neno linalolikaribia: thawabu. Kwa Mbuddha wa Thailandi, kumlisha mtawa asubuhi, kujenga daraja, kuchangia hekalu, vyote huleta bun, na bun humfuata mtu katika maisha yajayo. Wale vijana wa Wimbledon walilipwa kwa namna hiyo. Chalermchai naye amesema waziwazi kwamba hekalu lake ni sadaka kwa Buddha na kwa mfalme, na kwamba amelitolea maisha yake. Kuna jambo dogo la mahesabu ambalo kwangu linaeleza mengi: aliweka kikomo cha baht 10,000, fedha ya Thailandi, kwa mchango wa mtu mmoja. Katika nchi ambapo tajiri akitoa fedha nyingi hekaluni anaweza kutaka sauti katika mambo yake, kikomo hicho kinamwachia mchoraji uhuru wa kuchora anachokiona.

Kumwelewa vizuri zaidi lazima umweke karibu na jirani yake, Thawan Duchanee, aliyezaliwa Chiang Rai mwaka 1939. Thawan alisoma kwa Silpa Bhirasri, na alipenda kusimulia jinsi mwalimu alivyomkatalia picha zake: samaki wako hawanuki shombo, ndege wako hawaruki, farasi wako hawakimbii. Akaenda kusoma Amsterdam, akarudi na picha kubwa za wanyama na watu walioungana misuli, nyeusi na nyekundu, zenye maana za Kibuddha kuhusu unyama uliomo ndani ya binadamu. Mwaka 1971 wanafunzi walioona ameitukana dini walizichanachana picha zake kwenye maonyesho mjini Bangkok. Aliishi kuona taifa likimpa cheo cha Msanii wa Taifa mwaka 2001. Chalermchai alikipata mwaka 2011. Baan Dam, Nyumba Nyeusi ya Thawan, ni majengo kama 40 ya mbao nyeusi yaliyojaa pembe, mafuvu na ngozi za wanyama. Watu husema mmoja alijenga pepo na mwingine jehanamu. Usemi huo umeenea mno, nami siukubali. Mifupa ya Thawan ni tafakuri ya kifo ambayo watawa wameifanya tangu enzi za Buddha, wakikaa mbele ya maiti ili kuuzoea ukweli kwamba mwili hauna kudumu. Wote wawili wanafundisha somo moja, ila Thawan anaanzia kwenye kaburi.

Picha zilizochanwa mwaka 1971 hazikuwa za mwisho kuleta ugomvi. Mwaka 2007 Anupong Chantorn alishinda tuzo ya taifa kwa picha ya watawa wenye midomo ya kunguru, na watawa wakaandamana, ingawa mfano wa mtawa mwenye tabia za kunguru umo katika maandiko yenyewe ya Kibuddha. Septemba 2019, katika jengo la maduka mjini Nakhon Ratchasima, mwanafunzi wa chuo alionyesha picha za Buddha mwenye mwili wa Ultraman, shujaa wa televisheni wa Kijapani. Alimaanisha kwamba Buddha ni mlinzi wa dunia. Alilazimika kuomba msamaha mbele ya mtawa mkuu huku akilia, na kikundi fulani kikataka ashtakiwe.

Mtu atauliza, na ni haki kuuliza: kwa nini Superman wa Chalermchai amekaa miaka yote hekaluni, ndani kabisa, na Ultraman alifukuzwa kwenye jengo la maduka? Jibu la kwanza liko ukutani. Superman ni askari wa Mara, mahali ambapo desturi imeruhusu sura yoyote kwa karne nyingi. Buddha wa upande wa pili hajaguswa: mkao, macho, utulivu, vyote ni vya kale. Yule mwanafunzi alichanganya kuta mbili. Aliichukua sura ya dunia akaivisha mwili ambao kanuni zake hazichezewi. Jibu la pili ni la cheo, na lisifichwe: Msanii wa Taifa husamehewa mengi ambayo mwanafunzi hasamehewi. Chalermchai mwenyewe alijitokeza hadharani kumtetea mwanafunzi huyo na kumtia moyo aendelee. Naona hakufanya hivyo kwa hisani tu. Yaliyosemwa juu ya Ultraman yalikuwa yameshasemwa juu ya Thatcher, na aliyeyasikia ni yeye.

Tarehe 5 Mei 2014 tetemeko la ardhi la kipimo cha zaidi ya 6 liliipiga Chiang Rai, kitovu chake kikiwa karibu na hekalu. Ncha ya paa ilidondoka, vigae vikaanguka, na picha za ndani zikapasuka. Siku ile mchoraji, akiwa na majonzi, alisema atalibomoa kwa kuwa halikuwa salama tena. Wahandisi walipolikagua na kuona nguzo na misingi ni imara, alibadili uamuzi na kuahidi kulirudisha. Alikuwa ameshakaribia miaka 60, na kuta alizozipaka kwa miaka zilipaswa kuanza upya.

Mpango mzima una majengo tisa, kuanzia ukumbi wa masalia matakatifu hadi makazi ya watawa, na unakadiriwa kukamilika mwaka 2070. Chalermchai angekuwa na miaka 115. Kwa hiyo amewafundisha wanafunzi watakaoendelea, na wanafunzi wao baada yao, kama zilivyofanya karakana za mafundi wasioandika majina. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake, Phuttha Kabkaew, alipewa hekalu lake upande wa pili wa mto Kok, Wat Rong Suea Ten, ambalo ukumbi wake ulifunguliwa mwaka 2016. Humo Buddha ni mkubwa na mweupe pe, na kuta zote zinazomzunguka ni buluu.